Omeprazoli unaimeza saa ngapi? Dozi ya vidonda vya tumbo hatua kwa hatua

Mimi ni mfamasia, na mtu akija kaunta kulalamika kwamba vidonda vya tumbo haviponi namuuliza kwanza, omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, unaimeza saa ngapi? Wengi wananijibu "nikisikia moto". Basi hapo ndo dozi ilipoharibikia, wala dawa sio feki.

Kabla sijaendelea: ukipata choo cheusi kinachonata kama lami, ukatapika damu au kitu kama unga wa kahawa, achana na mwongozo huu nenda hospitali sasa hivi.

Hatua ya 1: Pima

Vidonda vingi vinaletwa na bakteria anayeitwa H. pylori au na dawa za maumivu, yaani diklofenaki, aibuprofeni, aspirini na ndugu zao. Mawazo na pilipili vinasingiziwa sana, zamani hata madaktari walivisingizia, hadi mwaka 1984 Barry Marshall wa Australia akanywa hao bakteria yeye mwenyewe na tumbo likamvimba ndani kweli (2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel).

Kipimo cha choo au cha kupuliza pumzi ndo vizuri. Cha damu kinaweza kusema unao wakati ulishapona zamani. Na mwambie daktari dawa unazotumia, maana kwa kawaida omeprazoli inasimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo na antibayotiki wiki 4, la sivyo bakteria wanapungua tu halafu unaambiwa huna.

Hatua ya 2: Omeprazoli, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula

Hapa nakaa kidogo. Fungua kapsuli moja uangalie, utakuta vipunje vidogo vidogo, kila kimoja kimevikwa koti lisiloyeyuka kwenye asidi. Dawa inavuka tumbo ikiwa ndani ya koti, inayeyuka kwenye utumbo, inaingia kwenye damu, halafu inarudi tumboni kwa mlango wa nyuma kwenda kuzima pampu za asidi, yaani vijisehemu vya ukuta wa tumbo vinavyomwaga asidi. Sasa pampu hizo zinaamka ukila, na dawa inakamata ile iliyoamka tu, kwa hiyo ukimeza umeshashiba au usiku unapoenda kulala umechelewa basi. Usitafune vile vipunje, koti likipasuka asidi inaila dawa yenyewe. Na usiikatie tamaa siku ya kwanza, nguvu yake kamili inachukua siku 3 au 4.

Hatua ya 3: Ukikutwa na bakteria

Dozi huwa ya siku 14. Mojawapo ni omeprazoli, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote mara 2 kwa siku. Nyingine ina bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli pamoja na omeprazoli. Daktari ndo anachagua, kwa sababu sehemu nyingi klarithromaisini imeshazoeleka na bakteria. Kama una aleji ya penisilini sema mapema, amoksilini ni ukoo huohuo. Ukipewa metronidazoli pombe weka pembeni. Bismathi inafanya ulimi na choo viwe vyeusi, usishtuke, ila choo kikinata kama lami rudi kule juu nilikoanzia.

Siku ya 5 hivi maumivu yanakata na hapo ndo watu wanaacha dawa, wanabaki na bakteria sugu, next time hiyo dozi haifanyi kazi tena. Maliza zote 14.

Hatua ya 4: Dawa ya maji ya kutuliza kiungulia

Inapoza haraka ila haiponyeshi kidonda. Ipishe na dawa nyingine masaa 2 hivi, hasa tetrasaiklini, maana zinashikana tumboni na mwili haupati kitu. Ukikuta ranitidini ya zamani kabatini (nayo ni ya kupunguza asidi) usiitumie, Marekani iliiondoa sokoni 2020 kwa sababu ya uchafu wa NDMA unaohofiwa kuleta saratani, famotidini inafanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 5: Pima tena

Wiki 4 au zaidi baada ya antibayotiki kuisha, na omeprazoli uwe umeiacha wiki 2. Kama uliitumia miezi mingi, ukiikata ghafla asidi inaweza kurudi kwa hasira wiki kadhaa, watu wanadhani kidonda kimerudi kumbe ni pampu zimefunguliwa tu, mwombe daktari aipunguze taratibu. Kwa maumivu ya kichwa tumia parasetamoli badala ya diklofenaki, ila kama aspirini ulipewa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumuuliza aliyekupa.