Pima Udongo Kwanza, Ndipo Uongeze Mboji

Katika bustani za mabondeni Lushoto si ajabu kukuta kabichi zimewekewa samadi kila msimu na bado hazifungi vizuri. Mwenye bustani huongeza debe jingine. Huenda mbolea ipo ya kutosha, ila udongo una tindikali kali: kirutubisho cha fosforasi hunaswa na chuma na aluminiamu, mizizi ikaikosa. Kwa macho huwezi kulijua hilo. Mahindi yakigeuka zambarau tunasema fosforasi imepungua, kumbe hata baridi na maji yaliyotuama huleta rangi hiyo hiyo.

Sampuli ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo wengi huharibu. Tembea bustanini kwa zigizaga, uchimbe sehemu 10 hadi 15. Kila sehemu ondoa takataka za juu, chimba kishimo cha sentimita 20, kisha kata kipande chembamba cha ukuta wake kuanzia juu hadi chini. Kwepa kichuguu, mahali palipochomwa taka na palipolala ng'ombe. Tumia ndoo safi ya plastiki. Iliyobeba mbolea ya dukani iache nyumbani. Changanya udongo wote, utandaze, ugawe mafungu manne na kutupa mawili yanayotazamana. Rudia mpaka ibaki kama nusu kilo. Anika kivulini, usianike juani wala jikoni. Bonde na mteremko vifungwe mifuko tofauti, na kila mfuko uandikwe zao lililopita na linalofuata.

Kwa mkoa wa Tanga, kituo cha Mlingano cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kiko Muheza. Morogoro kuna maabara ya udongo ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Afisa ugani wa kata atakuelekeza. Peleka sampuli kama miezi miwili kabla ya mvua, upate muda wa kurekebisha.

Majibu yakija, anza na pH, yaani kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi. Mboga nyingi hupenda kati ya 6 na 7. Ikiwa chini ya 5.5, mboji peke yake haitakuvusha haraka. Unahitaji chokaa ya kilimo, kwa kiasi kilichoandikwa na maabara, maana mfinyanzi hudai chokaa nyingi kuliko kichanga. Ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiiweke siku moja na urea au samadi mbichi: naitrojeni itapotea hewani. Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfeti wa Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye tindikali, kwa hiyo uliza kipi kitangulie kati yake na chokaa.

Majivu nayo yana watu wake. Yana potasiamu na kalsiamu, lakini hupandisha pH. Kama udongo wako umeshafika 7, kila beseni la majivu linazidi kuifungia mimea chuma na zinki. Utaona majani machanga yanakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Na fosforasi ikisomeka juu sana, jambo la kawaida palipowekwa samadi ya kuku miaka mingi, pumzisha samadi hiyo. Naitrojeni itafute kwa kupanda kunde au marejea, mmea wa kurutubisha udongo, na kuifukia ikianza kutoa maua.

Mboji yenyewe ipangwe kwa matabaka, majani makavu sehemu mbili au tatu kwa majani mabichi sehemu moja, na udongo kidogo katikati. Masalia ya nyanya yenye mnyauko yasiingie. Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo. Siku chache baadaye kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, rundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, nyunyiza maji. Kikitoka chepechepe na kunuka, geuza na uongeze makavu. Maji yanatosha ukikamua konzi ya mboji na matone machache tu yakatokeza kati ya vidole. Geuza kila wiki mbili au tatu. Miezi mitatu hutosha penye joto, Lushoto ngoja zaidi.

Ikiiva huwa nyeusi, inanukia udongo, na huwezi tena kutambua jani lilikuwa la nini. Anza na debe la lita 20 kwa tuta la mita 1 kwa 4, ulichanganye juujuu. Pima tena baada ya miaka miwili au mitatu, msimu ule ule na kina kile kile, la sivyo majibu mawili hayatalinganishika.