SOMO: Kikao cha kwanza na mteja, na jinsi mshauri anavyojitunza

Wanafunzi wa ushauri nasaha wananiuliza haya haya kila muhula, wengine usiku wa manane. Nayaandika mara moja, someni hapa.

1. Jisajili kwanza. Sheria ya Kenya ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inakutaka uwe umesajiliwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia.

2. Chumba. Viti viwekwe mshazari, tishu ziwe karibu na mteja, saa iwe pale unapoiona bila kugeuza shingo. Feni iwake, mvumo wake unaficha sauti kwa waliokaa nje.

3. Siri na mipaka yake. Hapa msiharakishe. Kabla mteja hajamwaga yaliyo moyoni, mwambie: "Tutakayozungumza yatabaki hapa. Ila uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa, itanibidi nimwambie mtu, na nitajitahidi wewe ujue kwanza." Halafu nyamaza, mwache aulize. Wengi hulikwepa hili wakihofia mteja ataondoka. Usipolisema, siku utakayopiga 116, namba ya kuripoti dhuluma kwa watoto, ataona umemsaliti, na hatamwamini tena mshauri yeyote.

Na Mombasa hii watu wanajuana. Mteja wa leo kesho mnakutana kwenye feri ya Likoni, yeye yuko na mama mkwe wake. Kubalianeni mapema: akikusalimu utaitikia, asipokusalimu utapita zako.

TAHADHARI: malipo. Ujumbe wa M-Pesa hubaki kwenye simu yake ukiwa na jina la aliyelipwa. Kwa mke ambaye simu yake hupekuliwa, jina hilo peke yake linatosha kumletea kipigo. Muulize atalipaje. Kama una till, yaani namba ya biashara ya kupokea malipo ya M-Pesa, jina lake lisitaje ushauri. Muulize pia ni saa ngapi salama kumpigia, na usimtumie ujumbe wa "tukutane kesho" kabla hajakuruhusu.

4. Sikiliza. Mawaidha amekwisha kuyapata nyumbani.

5. Kufunga. Mkiwa na dakika 50, kumi za mwisho ni za kufunga. Hata hivyo jambo zito hutoka mteja akishasimama, mkono uko kwenye kitasa: "Na lingine, Bi..." Muulize kama usiku wa leo yuko salama. Akiwa salama, mwambie kikao kijacho mtaanzia hapo. Asipokuwa salama, kaeni, anayefuata atasubiri.

6. Andika siku hiyo hiyo, kwa ufupi. Tumia namba badala ya jina, na kabati liwe na kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

7. Wewe mwenyewe. Usipange vikao viwili vya wafiwa mfululizo. Uwe na msimamizi, yaani mshauri mzoefu wa kumpelekea kesi zinazokulemea. Mumeo au mkeo si msimamizi.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Nani anatoa cheti haraka? Nina wateja wananisubiri.
Jibu: Hatua ya 1. Hao wateja waelekeze kwa aliyesajiliwa.

Dada wa Tudor: Mteja akisema anataka kujiua, si niite polisi?
Jibu: Hapana, dada. Muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Ulizia kama ana mpango na kama ana kitu cha kujidhuru. Usimwache peke yake, tafuta ndugu anayemwamini, mfikisheni hospitali. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha Katiba Januari 2025. Kumtisha na polisi kunamfunga mdomo.

Mzee wa Buxton: Mimi wateja wangu nawajibu WhatsApp hata saa sita usiku. Huo ndio utu.
Jibu: Utu wako siupingi, mzee. Lakini mteja aliyezoea kujibiwa usiku, siku ukilala atafanyaje? Mpe 1195, namba ya msaada kwa dhuluma za nyumbani, na laini ya kazi uizime jioni.

Mwanafunzi: Mteja anasema ana jini na anasomewa kwa shekhe. Nimkataze?
Jibu: Swali zuri, mwanangu. Usimkataze wala usimcheke. Muulize jini humjia lini, nyumbani kukiwa na nini, na akisomewa hujisikiaje. Mara nyingi majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha kinachomsumbua. Aendelee kusomewa na kwako aje. Ingilia kati akipigwa, akifungwa kamba, au akiachishwa dawa za kifafa.

Dada wa Tudor: Nyongeza: Ramadhani vikao vizito naviweka asubuhi. Baada ya alasiri nguvu zimekwisha, zake na zangu.
Jibu: Ahsante, hiyo naichukua. Na Idi ikipita, acha nafasi mbili tatu wazi. Familia zikishakutana, wanaokuja bila miadi huwa wengi.