Kabla ya kutumwa: fedha na karatasi za familia zetu zilizo katika jeshi la Marekani

Mwanajeshi wa Marekani anapotumwa nje, mshahara hausimami. Unaendelea kuingia tarehe 1 na tarehe 15, na ikiwa siku hiyo ni ya mapumziko unaingia siku ya kazi iliyotangulia. Kinachobadilika ni kiasi, na kinabadilika mara mbili: anapoondoka na anaporudi. Bei za vyakula, pango na bima zikiwa juu kama zilivyo sasa, familia inayoyumba mara nyingi ni ile iliyoyapanga maisha yake kwa posho za muda, na ambayo akaunti, mkopo na nywila vyote viko kwa mtu mmoja. Kwa familia za Waswahili kuna mzigo wa tatu, nao ni jamaa wa nyumbani wanaotegemea fedha hiyo hiyo.

Miezi mitatu kabla ya safari, kaeni wawili na mfungue hati ya malipo ya kila mwezi, ile LES, kwenye tovuti ya myPay. Isomeni mstari kwa mstari. Mshahara wa msingi hutozwa kodi. Posho ya nyumba, BAH, haitozwi, na hupangwa kwa cheo, kwa eneo la kituo na kwa kuwa na wategemezi au kutokuwa nao. Posho ya chakula, BAS, nayo haitozwi. Halafu angalieni makato: bima ya maisha, akiba ya uzeeni ya TSP, na malipo yanayokatwa moja kwa moja kwenda kwingine. Hayo ya mwisho ndiyo husahaulika. Utakuta bado yanalipia kitu kilichokwisha zamani. Kwenye myPay mwanajeshi anaweza pia kumfungulia mwenzi wake njia ya kutazama LES bila uwezo wa kubadilisha chochote. Ifunguliwe sasa. Mke aliyeachwa Killeen au Fayetteville, miji iliyo karibu na kambi, bila kuiona LES hana namna ya kujua kwa nini mshahara umepungua dola 400.

Sasa hesabu yenyewe. Akifika eneo lililotangazwa kuwa la hatari, anaongezewa hadi dola 225 kwa mwezi. Akitengana na familia kwa zaidi ya siku 30, kuna posho ya kutengana. Na kama eneo limetangazwa kuwa la vita, mshahara wa mwanajeshi asiye ofisa hautozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, ingawa makato ya Social Security (pensheni ya taifa) na Medicare (matibabu ya uzeeni) yanabaki. Kwa pamoja nyongeza hiyo ni kubwa, na ndiyo mtego. Familia huhamia nyumba ghali zaidi, au huchukua gari la dola 650 kwa mwezi, kisha posho zote hukatika akirejea huku mkopo wa gari ukiwa umebakiza miaka mitano. Ushauri wetu hauna masharti: bajeti ya nyumba iandikwe kwa mshahara wa kabla ya safari, na kila senti ya nyongeza iwe na kazi yake kabla haijaingia.

Kazi ya kwanza ni deni la kadi ya mkopo. Kadi inayotoza riba ya 20% na zaidi inakula fedha kuliko akiba yoyote inavyozalisha. Deni hilo likiisha, au kama halikuwepo, ndipo mwanajeshi aulizie mpango wa akiba wa SDP kwenye ofisi ya fedha akiwa huko huko. Mpango huo humlipa riba ya 10% kwa mwaka, hadi kiwango cha dola 10,000, na riba huendelea hadi siku 90 baada ya kuondoka eneo hilo. Hauwezi kufunguliwa kabla ya safari, na kwa kawaida unahitaji siku 30 mfululizo katika eneo linalostahili. Pia huwezi kuweka humo fedha kutoka akiba ya zamani. Kinachowekwa ni malipo ya wakati huo tu, kwa hiyo anayetaka kufika 10,000 aanze mapema. Kuhusu TSP, aliyeingia jeshini tangu 2018 huongezewa na serikali hadi 5% ya mshahara wa msingi, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo huanza baada ya miaka miwili ya utumishi. Hata hali ikiwa ngumu kiasi gani, msishushe mchango wenu wa TSP chini ya 5%, maana mnakuwa mmekataa sehemu ya mshahara. Fedha isiyotozwa kodi ya eneo la vita ikienda upande wa Roth wa TSP, ule unaotozwa kodi wakati wa kuweka badala ya wakati wa kutoa, kwa kawaida haitozwi kodi inapoingia wala inapotoka uzeeni.

Akiba ya dharura ilikuwa ikionekana kama jambo la watu wenye nafasi. Mwaka 2025 shughuli za serikali ya Marekani zilifungwa kwa siku 43, na familia zilikaa zikisubiri kila tarehe ya malipo bila kujua kama fedha itaingia. Wakati wa ufungaji wa 2018 hadi 2019, uliodumu siku 35, walinzi wa pwani walikosa mshahara wa katikati ya Januari 2019, kwa kuwa wao wako chini ya wizara ya usalama wa ndani, si ya ulinzi. Lengo la kwanza liwe kiasi cha mishahara miwili, yaani tarehe 1 moja na tarehe 15 moja, kikae kwenye akaunti iliyo tofauti na ile ya matumizi. Baada ya hapo ndipo mfikirie miezi mitatu. Baadhi ya vyama vya akiba na mikopo hutoa mkopo usio na riba serikali ikifungwa, lakini hudai mshahara uwe unaingia kwao na mwanachama awe amejiandikisha. Ulizeni chenu kinataka nini kabla hamjahitaji.

Kwenye mikopo, zipo sheria mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, SCRA, inashusha riba hadi 6% kwa madeni aliyoyachukua kabla ya kuingia kwenye utumishi wa muda wote. Inawahusu sana waajiriwa wapya, na askari wa akiba wanaoitwa kazini. Haiji yenyewe: lazima aandike barua kwa mkopeshaji na kuambatanisha amri ya jeshi, kabla hazijapita siku 180 tangu utumishi uishe. Ya pili, MLA, inazuia gharama zote za mkopo zisizidi 36% kwa mwaka kwa mikopo mingi ya matumizi, ikiwemo ile midogo ya kungojea mshahara. Lakini mkopo wa kununulia gari, ambapo gari lenyewe ndilo dhamana, haumo kwenye MLA. Ndiyo maana yadi za magari zimejaa karibu na mageti ya kambi. Kijana mwenye cheo cha chini, asiye na historia ya mkopo kwa kuwa alifika Marekani juzi, anapewa riba ambayo hakuna sheria kati ya hizi mbili itakayomwokoa. Pitieni kwanza chama cha akiba na mikopo, mpate barua ya kiasi walichokubali na riba yake, ndipo muende yadi.

Hati ya uwakilishi, inayompa mwenzi ruhusa ya kutenda kwa niaba ya mwanajeshi, huandaliwa bure na mawakili wa ofisi ya msaada wa kisheria kambini. Wengi huchukua ile ya jumla wakidhani inafungua kila mlango. Benki nyingi huikataa. Chukueni hati mahususi: moja kwa akaunti fulani, moja kwa kusajili au kuuza gari, moja kwa kupokea au kuachia nyumba ya kambi, na kwa mambo ya kodi fomu 2848 ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kila hati iwe na tarehe ya mwisho inayopita muda wa safari kwa miezi kadhaa, kwa sababu safari huongezwa. Pelekeni nakala benki mwanajeshi akiwa bado yupo, ili wakikataa kuwe na muda wa kujaza fomu yao wenyewe. Na ikumbukwe kuwa hati hii hufa na aliyeitoa; si wosia. Kama kuna shamba au kiwanja Kenya au Tanzania, hati ya Marekani pekee haitoshi, itabidi ifuate taratibu za usajili za huko.

Jambo dogo linalofunga akaunti kuliko yote ni namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu. Laini ya Marekani ikizimwa, au isipokuwa na mtandao huko aliko, ujumbe haufiki, na mfumo wa benki ukiona mtu anaingia kutoka nchi nyingine unamfungia nje. Wiki mbili kabla, hamisheni uthibitisho kwenda kwenye programu ya simu isiyohitaji laini, arifuni benki, na jaribuni kuingia kila akaunti mkiwa mmezima laini hiyo. Kwa nini msubiri igundulike siku ya kulipa pango?

Tulieni kidogo kwenye majina ya wanufaika, maana hapa makosa hayarekebishiki. Kuna sehemu tatu, na hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Bima ya maisha ya jeshi, SGLI, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 500,000 tangu Machi 2023, hujazwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa SOES. Fomu DD 93 hutaja nani atapokea malipo ya msiba ya dola 100,000 na mshahara uliobaki. TSP ina orodha yake. Wosia haubadilishi hata moja kati ya hizo. Mwanajeshi aliyemtaja mama yake akiwa mwajiriwa mpya, kisha akaoa na kupata watoto wawili bila kurudi kwenye mfumo, amewaacha watoto nje ya bima. Kama mama bado anatakiwa apate sehemu, aandikwe kwa asilimia, na kwa majina yaliyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, kwa mpangilio ule ule, si jina tunalomwita nyumbani. Mtoto mdogo asitajwe moja kwa moja bila ushauri wa wakili: fedha haitatoka mpaka mahakama imteue mlezi, na mtoto akiwa Mwanza au Bukavu jambo hilo huchukua muda mrefu. Wakati huo huo hakikisheni mke na watoto wamo kwenye DEERS, daftari la jeshi la wategemezi, la sivyo hawana matibabu ya TRICARE, bima ya afya ya jeshi. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa haitamwingiza mke. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu kuisajili, na cheti kisicho cha Kiingereza kitahitaji tafsiri.

Kisha nyumbani. Afadhali kiasi kinachojulikana, kinachotumwa tarehe moja kila mwezi, kuliko kujibu kila ombi kwenye kundi la WhatsApp. Mwanajeshi aongee na wazazi na ndugu wakubwa kabla hajaondoka, awaambie kiasi, na awaambie kwamba mke hana fungu jingine la siri. Asipolisema mwenyewe, lawama zote zitamwangukia shemeji. Tarehe za kuondoka na kurudi zisiandikwe kundini. Ni suala la usalama wa kikosi. Tangu 1 Januari 2026 Marekani inatoza kodi ya 1% kwa fedha zinazotumwa nje ikiwa mtumaji amelipa kwa taslimu, mani oda au hundi ya benki. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya Marekani, kodi hiyo haikuhusu.

Msiba ukitokea Kisumu au Tanga, taarifa rasmi hupitia Msalaba Mwekundu wa Marekani, 1-877-272-7337. Watahitaji jina kamili la mwanajeshi, cheo, kikosi na tarehe ya kuzaliwa, na watathibitisha habari kwa daktari au mochari kabla ya kuifikisha kwa kamanda. Jamaa mmoja nyumbani awe na taarifa hizo, pamoja na namba ya hospitali iliyo karibu. Nauli ya ghafla ni ghali, kwa hiyo fungu lake likae mbali na akiba ya chakula.

Pango: SCRA inaruhusu kuvunja mkataba wa nyumba kwa amri ya kuhama kituo, au kutumwa kwa siku 90 au zaidi. Notisi iwe ya maandishi pamoja na nakala ya amri. Ikifika kwa mwenye nyumba tarehe 10 Mei, na pango hulipwa tarehe 1, mkataba unaisha siku 30 baada ya 1 Juni. Gari la kukodi kwa mkataba linahitaji safari ya siku 180 au zaidi. Gari lake mwenyewe likiwekwa ghalani, punguzeni bima badala ya kuifuta. Mwenye mkopo hataruhusu ifutwe, na pengo kwenye bima hupandisha bei baadaye.

Mkikwama, anzeni na mfuko wa msaada wa tawi lenu: Army Emergency Relief, Air Force Aid Society, Navy-Marine Corps Relief Society au Coast Guard Mutual Assistance. Hutoa mikopo isiyo na riba, na wakati mwingine ruzuku, kwa pango, matengenezo ya gari au nauli ya msiba. Ulizieni pia posho ya mahitaji ya msingi iliyoanza Januari 2023 kwa kaya zenye kipato cha chini. SNAP, msaada wa chakula wa serikali, huhesabu posho ya nyumba kama kipato na ndiyo sababu wengi hukataliwa; kwa WIC, msaada wa lishe kwa mama na watoto wadogo, jimbo lina ruhusa ya kutoihesabu, kwa hiyo kukataliwa kwa moja kusiwazuie kuomba nyingine.

Mwisho, wekeni alama kwenye kalenda ya mwezi wa kurudi. Mara nyingi ofisi ya fedha huchelewa kuzima posho ya hatari na ya kutengana, zikaendelea kuingia mwezi mmoja au miwili, kisha zikakatwa zote kwa pamoja kutoka mshahara mmoja. Linganisheni LES mpya na ile ya kabla ya safari. Ziada yoyote msiyoielewa isiguswe, ikae kwenye akiba, na mwanajeshi aende na hati zake ofisini kuuliza ndani ya wiki hiyo hiyo.