Jinsi ya kupima bakteria sugu kwa antibiotiki katika chaza na kome

Chaza, kome na jamaa zao hula kwa kuchuja maji. Chaza mmoja mkubwa huweza kuchuja lita kadhaa kwa saa, na vilivyomo majini, uwe mwani au bakteria wa maji taka, hurundikana mwilini mwake kwa wingi kuliko vilivyo nje. Kwa hiyo bakteria ambao ungehangaika kuwapata kwenye chupa ya maji, ndani ya nyama yake huonekana kwa urahisi.

Mwongozo huu ni wa mwenye maabara ya kawaida ya bakteria: inkubeta, otoklevu, mizani na kabati la usalama. Usijaribu jikoni. Vibrio vulnificus, bakteria wa maji ya chumvi, akiingia kwenye kidonda anaweza kuua ndani ya siku chache, hasa mtu mwenye ugonjwa wa ini. Unapofungua magamba, vaa glavu nene isiyopitisha kisu juu ya ile ya maabara.

Hatua ya 1: Amua swali kabla ya kununua agari

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kuna maswali mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza: kati ya E. coli waliomo, ni sehemu gani iliyo sugu? La pili: je, wapo hata wachache wenye vimeng'enya vya ESBL, vile vinavyovunja dawa kama sefotaksimu? Swali la kwanza linahitaji sahani ya agari (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) isiyo na dawa. La pili linahitaji sahani yenye dawa, maana bakteria hao huweza kuwa wachache mno na wakafunikwa na wengine. Ukichukua koloni (kundi la bakteria lililoota kutoka seli moja) kwenye sahani yenye sefotaksimu kisha ukaandika kwamba asilimia 100 ni sugu, umepima agari yako tu.

Amua pia kundi. E. coli hutokana na kinyesi, hivyo hukueleza kilichoshuka kutoka kwa watu na mifugo. Vibrio ni wenyeji wa maji ya chumvi. Wapo hata pasipo maji taka, na baadhi yao ndio wanaomuumiza mlaji. Umoja wa Ulaya huruhusu chaza wa eneo la daraja A kuuzwa bila kusafishwa iwapo E. coli, kwa kawaida, hawazidi 230 kwa gramu 100 za nyama na maji ya ndani. Kipimo hicho ni kizuri kwa kazi yake, ila hakisemi lolote kuhusu Vibrio wala kuhusu usugu.

Hatua ya 2: Sampuli

Chukua angalau wanyama 10 walio hai kwa kila sampuli, na zaidi wakiwa wadogo. Wasafirishe kwenye joto lisilozidi nyuzi 10 na uanze kazi ndani ya saa 24. Barafu isiwaguse moja kwa moja: Vibrio hawapendi baridi kali, na waliopigwa na barafu wanaweza kuwa hai lakini wakagoma kuota. Utapata sahani tupu na kudhani chaza ni safi.

Hatua ya 3: Kufungua na kusaga

Sugua magamba chini ya maji safi yanayotiririka, yaache yachuruzike, kisha fungua kwa kisu kilichotakaswa. Kusanya nyama pamoja na maji ya ndani, usiyamwage. Saga vyote pamoja.

Hatua ya 4: Kuotesha

Kwa Vibrio, tia gramu 25 katika mililita 225 za maji ya peptoni yenye chumvi asilimia 2 na pH 8.6. Kwa chaza wabichi, V. parahaemolyticus na V. cholerae huwekwa nyuzi 41.5 kwa saa 6, V. vulnificus apewe chombo chake cha nyuzi 37. Kisha pandia kwenye agari ya TCBS (ya kuchagua Vibrio), nyuzi 37, saa 24. Koloni za kijani huashiria V. parahaemolyticus au V. vulnificus, za njano ni V. cholerae au V. alginolyticus. Rangi ni dokezo tu.

Kwa E. coli, andaa sahani mbili za agari ya TBX (ya kutambua E. coli), moja isiyo na dawa na nyingine yenye sefotaksimu. Mimi hutumia miligramu 1 kwa lita. Itifaki ya Tricycle ya Shirika la Afya Duniani, ya kufuatilia E. coli wenye ESBL, hutumia 4. Chagua moja, iandike kwenye ripoti, usibadilishe katikati ya mradi. Weka nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 24.

Hatua ya 5: Kuchagua koloni

Ukishakuza bakteria kwenye maji ya peptoni, seli moja huzaa mamilioni. Koloni tano zinazofanana kutoka sampuli moja huenda zote ni watoto wa mzazi mmoja. Chukua moja kwa kila sura kwa kila sampuli, la sivyo utahesabu ukoo mmoja mara tano.

Hamishia koloni kwenye agari isiyochagua bakteria, yenye chumvi kwa Vibrio, ndipo ufanye kipimo cha oksidesi (kimeng'enya kinachosaidia kutofautisha bakteria). Usikifanye moja kwa moja kutoka TCBS; asidi inayotengenezwa pale huweza kukupa jibu la uongo. Vibrio hawa ni chanya, E. coli ni hasi. Kamilisha utambuzi kwa vipimo vya kibiokemia au PCR (kipimo cha jeni).

Hatua ya 6: Diski za dawa

Tengeneza tope la bakteria katika maji ya chumvi ya asilimia 0.85 hadi lifikie ukungu wa 0.5 McFarland (kipimo sanifu cha wingi wa bakteria kwenye tope). Paka kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4. Usiiongezee chumvi kwa ajili ya Vibrio hawa. Jedwali la kusomea upana wa duara (eneo lisiloota bakteria kuzunguka diski) limetengenezwa kwa agari isiyoongezwa chumvi.

Zishike dakika 15 mara tatu: tumia tope ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya dakika 15 baada ya kupaka, ingiza sahani kwenye inkubeta ndani ya dakika 15 nyingine. Nyuzi 35, saa 18.

Kila siku ya kazi pima pia E. coli ATCC 25922, bakteria sanifu wa kuhakiki kipimo. Kwa EUCAST (kamati ya Ulaya inayoweka viwango vya vipimo hivi), duara lake la siprofloksasini ya mikrogramu 5 liwe milimita 29 hadi 37. Likitoka nje ya hapo, matokeo ya siku hiyo hayafai, hata yawe yanapendeza namna gani.

Diski za EUCAST na za CLSI, taasisi ya Marekani ya viwango, hazilingani. Sefotaksimu ya EUCAST ni mikrogramu 5, ya CLSI ni 30. Ukipima kwa diski ya huku na kusoma kwa jedwali la kule, unabuni. Na kolistini usiipime kwa diski kabisa, maana molekuli zake husambaa vibaya kwenye agari.

Kuthibitisha ESBL, linganisha sefotaksimu pekee na sefotaksimu iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki (huzuia vimeng'enya vya ESBL), kisha rudia kwa seftazidimu. Duara likipanuka kwa milimita 5 au zaidi katika jozi mojawapo, umewapata.

Hatua ya 7: Hesabu na ripoti

Wengi hukimbilia kipimo cha MAR (usugu kwa dawa nyingi): idadi ya dawa zilizoshindwa, gawanya kwa dawa zilizopimwa, na ikizidi 0.2 husemwa chanzo ni hatari. Mimi sikiamini sana. V. parahaemolyticus kwa kawaida hustahimili ampisilini kwa jeni lake la asili, ambalo halikuletwa na maji taka. Ukipima dawa tano zikiwemo ampisilini na amoksilini, tayari una 0.4 kabla hujaona usugu wowote wa kuambukizwa. Tenga usugu wa asili, na andika kila dawa kivyake pamoja na idadi ya koloni na idadi ya sampuli zilikotoka. Taja pia mwaka wa jedwali, kwa sababu mipaka hubadilishwa mara kwa mara.

Sahani zote zipite otoklevu, nyuzi 121, kabla ya kutupwa.

Muuzaji atakuuliza kama kuwahifadhi chaza kwenye matangi ya maji safi ya bahari kunatosha. Kwa E. coli kunasaidia sana, Vibrio hung'ang'ania. Kupika vizuri huua wote, sugu na wasio sugu, kwa hiyo swali linalofuata liwe ni wapi kisu na ubao wa chaza wabichi vinaoshwa, na ni chakula gani kingine kinakatwa hapo.