Somo: Kumfundisha mama kuchanganya serumu ya kunywa mpaka mkono wake uzoee

Waganga wenzangu wa vituo vya afya na reko wote (wahudumu wa afya wa jamii) wa Goma, poleni na kazi. Leo tuzungumzie jambo tunalolifanya kila siku, na kwa kulizoea tumeacha kulitazama.

Miaka michache iliyopita, katika kituo kimoja cha hapa mjini, nilimpa mama pakiti mbili za SRO (unga wa kuchanganya na maji kuwa serumu ya kunywa) kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa anaharisha. Nilimweleza taratibu: lita moja ya maji, pakiti moja. Nikamwuliza, "Mama, umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, muganga." Kesho yake jioni alirudi mbio, mtoto amelegea mgongoni, macho yameingia ndani. Tulipomtuliza mtoto kwa serumu ya mshipa, nikamwomba mama anionyeshe alivyochanganya. Akachukua kikombe cha plastiki, kile cha kunywea uji, akamimina pakiti nzima. Chumvi ilikuwa imezidi mno, mtoto akaikataa. Mama hakukosea. Mimi nilisema "lita", na nyumbani kwake hapakuwa na kitu kinachoitwa lita.

Tangu siku ile nafundisha hivi.

Hatua ya 1: Leta mezani vyombo vya nyumbani kwao. Kikombe, chupa ya bia, chupa ya maji ya lita moja na nusu, bidoni ndogo. Pima wewe kwanza kwa chombo chenye alama, kisha chora mstari wa lita kwenye chupa kwa kalamu. Chupa ya bia haifiki lita, na akina mama wengi wanaitumia wakidhani inafika. Mwambie mama aje na chupa yake, umchoree mstari hapo hapo.

Hatua ya 2: Uliza maji yanatoka wapi. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, kuchimba choo ni taabu, na robine zikikauka watu wanashuka ziwani na bidoni za manjano. Wazee wanakumbuka Julai 1994, kipindupindu kilipowaua wakimbizi kwa makumi ya maelfu katika wiki chache. Kwa hiyo usiruke hapa. Kama maji yametiwa klorini, yasubiriwe nusu saa kabla ya kunywa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha bidoni ya lita 20 ya maji maangavu. Kama yamechemshwa, yapoe kwanza.

Hatua ya 3: Mama achanganye, wewe weka mikono nyuma. Hii ndiyo hatua tunayoiruka sana, na mimi naiona ndiyo somo lenyewe. Anawe mikono kwa sabuni, apime maji, apasue pakiti, amimine yote, akoroge, aonje. Akikosea, usimnyang'anye chupa. Mwulize, "Mstari wetu uko wapi?" ajirekebishe mwenyewe.

Huko Bangladesh, kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma walimu wanawake nyumba kwa nyumba, zaidi ya nyumba milioni 12, wakiwafundisha akina mama kutengeneza serumu kwa chumvi na sukari guru. Malipo ya mwalimu yalitegemea kile akina mama walichokuwa bado wanakikumbuka baadaye, mkaguzi alipopita kuwauliza. Mwalimu akipayuka tu na kuondoka, alipoteza mwenyewe. Nikilipwa hivyo, ningelipwa nini kwa yule mama wa kikombe?

Na lile swali la "umeelewa?" tuliache kabisa. Nani atamwambia muganga "hapana" mbele ya benchi zima la watu? Mimi nauliza: "Ukifika nyumbani, mamamkwe akikuuliza muganga amesema nini, utamjibu nini?" Hapo utasikia kila kitu, pamoja na ulichosahau kusema.

Hatua ya 4: Namna ya kunywesha. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Serumu iliyopitisha saa 24 imwagwe. Zinki apewe kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20, au 10 kama hajafikisha miezi 6.

Hatua ya 5: Alama za kurudi mbio. Hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au analala ovyo, macho yameingia, kuna damu katika choo, au choo kimekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Mama azirudie kwa mdomo wake.

Hatua ya 6: Andika. Katika daftari langu kuna safu ya "alichanganya mwenyewe: ndiyo / hapana". Wiki ikipita, reko anapita nyumbani na kuomba kuonyeshwa chupa.

Maswali ya wanachama

*Reko wa Ndosho: Pakiti zikiisha tufanye nini?*
Maji safi lita moja, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima. Chumvi isizidi hata kidogo. Pakiti zikirudi, rudi kwenye pakiti.

*Muganga wa Bukavu: Siku ya kupima watoto kilo napata akina mama zaidi ya hamsini. Nitamfuata kila mmoja saa ngapi?*
Hutaweza, dada. Mwite mmoja achanganye mbele ya wenzake, na wenzake ndio wamsahihishe. Kisha wale wenye watoto wanaoharisha siku hiyo wabaki, kila mmoja achanganye chupa yake. Huwa ni wachache.

*Mama wa Himbi: Bibi yetu anasema mtoto anayeharisha asinyonye wala asile, tumbo lipumzike.*
Mtoto anyonye zaidi kuliko siku zote, na chakula aendelee nacho. Lakini mama, usibishane na bibi mbele ya watu. Mkaribishe, mpe kikombe na kijiko, yeye ndiye amnyweshe mjukuu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa serumu ya mshipa, akawapa ndugu wa wagonjwa serumu ya kunywa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4.

*Muganga wa Majengo: Wananirudishia pakiti, wanasema hazifungi tumbo, wanataka dawa.*
Wanasema kweli, kaka: serumu haifungi tumbo, inarudisha maji yaliyotoka. Waambie kabla hawajaondoka, kwamba kesho mtoto anaweza bado kuharisha, na kwamba mkojo ukitoka vizuri, machozi yakirudi na akianza kucheza, serumu inafanya kazi. Mama asipoambiwa hivyo, asubuhi atapita duka la dawa kununua vidonge asivyovihitaji.