Mita ya mezani ikupigie hesabu yenyewe

Karakana yangu iko Bondeni na ikishapita Magharibi taa zinafifia, feni nayo inazunguka kama imelazimishwa. Nikataka kujua stima inashuka mpaka volti ngapi, lakini nani atakaa saa nzima akitazama mita? Kumbe mita yangu ya mezani, ile ya kupima volti na omu, yenyewe inajua kushika volti ya chini, ya juu na wastani, ni mimi tu nilikuwa sijui kuiambia.

Yangu ni HP 34401A ya mtumba, baadaye mita hiyo hiyo iliuzwa kwa jina la Agilent halafu Keysight. Inaelewa komandi za SCPI, lugha ya vifaa vya kupimia iliyotoka 1990, kwa hivyo ukiwa na mita nyingine komandi nyingi utazitambua, ila soma kitabu chake manake si zote zinafanana.

Nyuma kuna matundu mawili ya kuunganisha na kompyuta, GPIB na siriali. Mi natumia siriali. Kebo iwe ile ya kupishana, waya ya kutuma upande huu inaingia kwa kupokea upande ule, na kwa kompyuta seti kasi 9600, biti 7, pariti shufwa (even), biti 2 za kusimama, ndivyo inavyotoka kiwandani. Alaf komandi ya kwanza kabisa ni SYST:REM, ukiisahau kwa siriali utapata makosa ya ajabu ajabu.

Kabla hujachomeka kwa stima angalia waya ziko tundu za volti, si tundu la ampea! Ukikosea hapo umeunganisha stima moja kwa moja, na fyuzi ikiungua ushukuru ni fyuzi.

Haya, tuma moja moja:

SYST:REM
*RST
*CLS
CONF:VOLT:AC 750
CALC:FUNC AVER
CALC:STAT ON
DATA:FEED RDG_STORE,""
SAMP:COUN 3600
INIT

*RST na *CLS zinasafisha mipangilio na makosa ya zamani, CONF inaseti kitu cha kupima na renji, yaani kiwango cha juu cha kupimia, hapa volti 750 za AC, umeme wa ukutani. CALC:FUNC inachagua hesabu, AVER ikiwa ya chini, ya juu na wastani, CALC:STAT ndo inaiwasha, bila hiyo ya pili hakuna kitu. SAMP:COUN ni idadi ya vipimo, INIT inaanzisha kupima. Ile DATA:FEED yenye alama za nukuu tupu inaiambia mita isiweke kila kipimo, sababu memori yake inabeba 512 tu na sisi tunataka 3600. Kwa AC inapima karibu mara moja kwa sekunde, kwa hivyo hiyo ni kama saa moja. We nenda zako kanywe kahawa, usiiulize kitu mpaka imalize, halafu:

CALC:AVER:MIN?
CALC:AVER:MAX?
CALC:AVER:AVER?
CALC:AVER:COUN?

Jibu linakuja kwa mtindo wa +2.07310000E+02, yaani sogeza nukta mara mbili, ni volti 207.31. Ukiona 9.9E+37 usiruke, hapo mita inasema kipimo kimezidi renji.

Sasa mahali nilipopoteza jioni mbili. Nilikuwa nimeandika programu inatuma MEAS:VOLT:AC?, komandi ya kuseti na kupima kwa mkupuo mmoja, kila sekunde, namba zinakuja vizuri, lakini nikiuliza COUN?, yaani vipimo vingapi vimehesabiwa, haipandi hata kidogo. Nikabadilisha kebo, nikalaumu kompyuta, mpaka nikasoma kitabu kwa makini: MEAS? na CONF zote zinazima hesabu! Kwa hivyo CONF itangulie, hesabu ifuate, na ukitaka kusoma moja moja tumia READ?, hiyo haigusi hesabu. Ukikwama uliza SYST:ERR?, inashika makosa mpaka 20, rudia mpaka ijibu +0.

Null, yaani kutoa kiasi fulani kwenye kila kipimo, nayo hapa pwani ni ya lazima. Hewa ya chumvi inakula ncha za waya, zangu zikigusana zinasoma omu 0.31 badala ya karibu sifuri, na ukipima kitu cha omu moja hiyo si kosa dogo. Safisha kwanza, kilichobaki kitoe hivi:

CONF:RES
CALC:FUNC NULL
CALC:STAT ON
CALC:NULL:OFFS 0.31
READ?

Lazima STAT ON itangulie OFFS, ukigeuza haikubali.

DBM, inayosoma nguvu ya sauti kwa kulinganisha na miliwati moja, ni ya wale wa amplifaya za harusi. CALC:DBM:REF 600, yaani omu 600, na volti 0.775 itasoma 0. Inafanya kwa volti tu.

Ya mwisho LIM, ya kukagua kama kipimo kimetoka nje ya mipaka, unaweka mipaka kwa CALC:LIM:LOW na CALC:LIM:UPP, halafu unauliza STAT:QUES:EVEN?, ndani ya jibu 2048 ni imeshuka chini ya mpaka, 4096 ni imepita juu. Ila hesabu inawaka moja tu kwa wakati, huwezi kuwa na LIM na AVER pamoja, mi nilijaribu. Ukimaliza tuma SYST:LOC ndo vitufe vya mbele virudi kufanya kazi, la sivyo jirani akija kuazima atakwambia mita imekufa.