Bangili ya kumfuatilia mzee anayesahau na kupotea: ya kuangalia kabla hujatoa pesa

Kwanza ujue unanunua nini. Bangili ya GPS husoma mahali ilipo kwa satelaiti, kisha hupeleka habari kwenye simu yako kwa laini iliyomo ndani yake. Vidude vya Bluetooth kama AirTag havina GPS. Vinategemea simu za iPhone za wapita njia. Darajani, sokoni mjini Unguja penye watu wengi, huenda vikakufaa. Mzee akipotelea makondeni huko Micheweni, Pemba, utangoja sana. Bangili za redio, ambazo Project Lifesaver, shirika la Marekani la kutafuta waliopotea, limekuwa likizitumia tangu 1999, zinataka kikosi chenye mashine za kuzinasa. Kikosi hicho huna, usiagizishe.

Laini isajiliwe kwa jina la mtu anayeishi nyumba hiyo, si kijana aliyeko Muscat. Laini ikizimwa, ni alama ya kidole chake itakayotakiwa kuifungua. Kifurushi kisikatike. Chaji kila usiku, na pawabenki iwepo. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa hili ndilo ambalo muuzaji hatakwambia: udhu.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Kikwajuni, alikuwa amefika hadi ya kuwachanganya wanawe majina. Lakini udhu hakuusahau hata siku moja. Watoto walimfunga bangili nzuri, ya kubana, wakaona wamepumzika. Siku hiyo alasiri simu ikaonyesha yuko msikitini, nao wakasema babu ana raha zake, mwacheni. Magharibi simu ikasema vilevile. Baada ya Isha akatumwa mjukuu kwenda kumchukua, akaikuta bangili imetundikwa kwenye bomba, inapeleka habari barabara, chaji imejaa. Mzee aliivua ili maji yafike kwenye ngozi, kama alivyovua saa yake umri wake wote. Alipatikana alfajiri Bumbwini, alikozaliwa, amelala barazani kwa watu. Alipanda gari la abiria kama mtu mwenye safari zake, nani angemuuliza?

Kwa hiyo usimfunge kwenye kiwiko cha mkono, pale panapovaliwa saa, wala kifundo cha mguu. Mfunge juu ya kisugudi, yaani juu ya pale mkono unapokunjika, ndani ya mkono wa kanzu, pale ambapo udhu haufiki. Iwe ya kuhimili maji, maana kuoga kupo. Na simu ikionyesha hajasogea muda mrefu, nenda ukamtazame kwa macho yako. Mtoto mwenye usonji naye huenda akaing'oa kwa kuwashwa tu. Mzoeshe kidogo kidogo.

Mji Mkongwe una kuta nene na vichochoro vyembamba, alama kwenye ramani hurukaruka. Soma saa iliyoandikwa chini ya alama: pengine ni mahali alipokuwa zamani, si alipo.

Sheha wa mtaa wenu ajue, imamu ajue, makonda wa kituo cha karibu wajue sura yake. Andika sehemu alizokaa ujanani, kazini na shamba, uwe nazo tayari. Namba yako ishonwe ndani ya kanzu pia.

Visima vifunikwe. Wa pwani, angalieni siku za bamvua, maji hutoka mbali na mtu huyafuata. Mlango wa uani uwekwe komeo la juu, lakini usimfungie ndani peke yake ukaenda sokoni. Jiko la gesi limo humo humo.